Mcheza kwao hutunzwa: tujifunze kwa wapiga piano wawili

Haya ni mazungumzo tuliyoyatoa mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia, hapa Garissa mjini. Wengi waliokosa nafasi ya kufika wametuomba tuyaandike. Tumeyaacha karibu kama yalivyosemwa.



  Wengine mmevuka daraja alfajiri kutoka Madogo, wengine mmelala njiani. Tunaliona vumbi kwenye nguo zenu na tunaliheshimu.

Tunajua mlitarajia tuzungumze juu ya mikopo, au mbuzi wa maziwa, au pampu. Siku nyingine tutayarudia hayo. Leo tutazungumza juu ya piano. Tunamwona mzee pale nyuma anatikisa kichwa. Mzee wetu, tuvumilie kidogo. Ukiona mwishoni tumekupotezea wakati, utatuambia mbele ya watu wote.

Tutaanza na kosa. Si kosa la mtu mwingine, ni kosa letu sisi wafanyakazi wa maendeleo.

Kosa letu

Miaka kadhaa iliyopita kikundi kimoja cha akina mama kando ya Mto Tana kilituita. Wana shamba la ndizi, nyanya na vitunguu, na pampu ya dizeli inayokohoa kila wiki. Mwanachama mmoja alikuwa na binti aliyemaliza kidato cha nne. Huko alikosomea kulikuwa na mwalimu wa muziki, naye akajifunza kupiga kinanda na kusoma noti. Alirudi nyumbani na kinanda cha mitumba alichonunua kwa pesa za vibarua, cha kutumia betri zile kubwa.

Binti huyo aliomba kitu kimoja. Aliomba kikundi kimpe nafasi katika stoo, siku mbili kwa wiki, awafundishe watoto. Hakuomba shilingi hata moja.

Wanachama wakagawanyika. Wengine walisema kinanda hakiliwi. Wengine walisema msichana atavuta mambo ya dansi kijijini. Wakatugeukia sisi wenye diploma, wakauliza, "Nyinyi mnasemaje?"

Nasi tukasema nini? Tulimwambia, "Binti yetu, hayo ni mambo ya mchezo. Chukua cherehani." Tulikuwa na cherehani 3 za mradi, na fomu ilitaka majina. Ukweli ndio huo, tusijifiche.

Yule binti alinyamaza. Kabla hatujaondoka alitupigia wimbo mmoja mfupi, mkono wa kushoto ukienda polepole kama mtu anayetikisa mtoto. Tukapiga makofi ya adabu, tukapanda gari. Haikupita miezi mitatu akaenda Nairobi kufanya kazi za nyumba. Cherehani ikabaki imefunikwa gunia. Tulipokutana na mama yake baadaye, alituambia maneno haya tu: "Nyinyi ndio mliomfundisha mtoto wangu kuona haya."

Neno hilo limekaa nasi. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Sasa tujiulize: huyu alikuja kucheza kwao, je, tulimtunza? Au tulimfukuza kwa maneno matamu?

Ndiyo maana tumewaletea habari za wapiga piano wawili. Mmoja ni jirani yetu wa Ethiopia, nchi ambayo watu wa Mandera na Moyale wanaiona kila wakiamka. Mwingine ni wa mbali sana, Argentina. Wote wawili walisoma muziki wa kizungu wa hali ya juu, na wote wawili hawakuuacha muziki wa kwao. Tena wote wawili walifungiwa mlango.

Mtawa aliyepiga piano kwa ajili ya watoto

Wa kwanza anaitwa Emahoy Tsegué-Maryam Guèbrou. Hilo neno Emahoy ni jina la heshima la mtawa wa kike katika Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia. Alizaliwa Addis Ababa tarehe 12 Desemba 1923, katika nyumba ya watu wakubwa. Baba yake alikuwa msomi na mtu wa serikali. Alipokuwa na miaka 6 alipelekwa shule ya bweni Uswisi, na huko ndiko alikojifunza fidla na piano.

Mtasema, huyo ni mtoto wa tajiri, ana nini na sisi? Ngojeni. Mwaka 1935 Waitaliano waliivamia Ethiopia. Familia yake ilichukuliwa mateka, ikapelekwa kisiwa cha Asinara huko Italia, kisha Mercogliano karibu na Napoli. Baadhi ya jamaa zake waliuawa. Kwa hiyo kukimbizwa na kufungwa alikujua. Hapa kwetu, tunaoishi jirani na kambi za Dadaab, hatuhitaji kuelezwa jambo hilo.

Vita vilipokwisha alikwenda Cairo kusoma kwa mwalimu wa fidla kutoka Poland, Alexander Kontorowicz. Inasimuliwa kuwa alikuwa akifanya mazoezi saa 9 kwa siku, fidla na piano. Saa tisa, jamani! Sisi tukikaa mkutano wa saa mbili tunaanza kuangalia mlango.

Baadaye alipata nafasi ya kwenda kusoma London. Mlango ukafungwa hapo: hakuruhusiwa kusafiri. Aliumia sana hata akaacha kula, akawa mgonjwa wa kufa. Alipopona aliacha muziki, akapanda kwenye mlima wa Gishen Mariam, mahali patakatifu kaskazini mwa Ethiopia. Akawa mtawa akiwa na miaka 21. Aliishi huko karibu miaka 10, akitembea bila viatu, bila piano.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo habari inapotuhusu. Katika miaka ya 1960 alikuwa Gondar, akisoma nyimbo za kale za kanisa lake. Nyimbo hizo asili yake inahesabiwa kwa Mtakatifu Yared wa karne ya 6. Kila akipita aliona wanafunzi wa uimbaji wa kanisa, vijana kutoka vijijini, wamelala nje karibu na ukuta. Mchana waliomba chakula nyumba kwa nyumba, jioni wakarudi kwenye masomo. Nyinyi mnaowatuma watoto duksi mbali na nyumbani mnaelewa moyo wa mzazi wa mtoto kama huyo.

Mtawa hakuwa na pesa ya kuwapa. Alijiuliza, nina nini mkononi? Akaona ana vidole kumi, na vidole hivyo vinajua kazi. Akarudia piano. Sahani yake ya kwanza ya santuri ilitoka mwaka 1967, ilirekodiwa Ujerumani, na mapato yake yalikuwa ya kuwasaidia maskini. Zilizofuata zilisaidia makao ya yatima.

Na muziki wenyewe ulikuwaje? Mkono ulikuwa wa shule ya Ulaya, safi kabisa, lakini roho ilikuwa ya kwao. Ukisikiliza unasikia walsi, halafu ndani yake inakuja sauti ya kanisa la Ethiopia, ile ya ngazi ya sauti tano. Wasomali hapa mtaifahamu mara moja, kwa sababu muziki wenu pia unatembea juu ya sauti tano. Hakuwa Mzungu wa kuazima. Alikuwa Mhabeshi aliyesoma.

Mwaka 1984 alihamia Yerusalemu, akaishi katika chumba kidogo kwenye monasteri ya Waethiopia, yeye na piano yake. Dunia ilichelewa kumjua. Ilikuwa mwaka 2006, akiwa na miaka zaidi ya 80, ndipo santuri zake za zamani zilipotolewa upya Ulaya na watu wakashangaa. Noti zake zilichapishwa ili wengine wajifunze, na taasisi yenye jina lake ilianzishwa kusaidia watoto kusoma muziki. Alifariki Yerusalemu tarehe 26 Machi 2023, akiwa na miaka 99.

Angalieni mambo mawili. Kwanza, hakungoja London. Pili, hakuona haya kuchanganya alichofundishwa na alichozaliwa nacho.

Mpiga piano wa tango

Wa pili ni Horacio Salgán, aliyezaliwa Buenos Aires, mji mkuu wa Argentina, mwaka 1916. Nyumba yao ilikuwa na damu ya Kiafrika, wajukuu wa watu waliopelekwa huko utumwani. Alianza piano akiwa na miaka 6, akasoma katika chuo cha muziki, na akawa hodari. Alipokuwa kijana wa miaka 14 hivi alikuwa tayari anapata riziki kwa kupiga piano katika sinema zile za zamani zisizo na sauti.

Angeweza kubaki katika muziki wa kumbi kubwa tu. Lakini moyo wake ulikuwa katika tango, na ulibaki huko maisha yake yote.

Tango ni nini? Ni muziki na dansi ya watu wawili wawili. Ilizaliwa mwishoni mwa karne ya 19 katika mitaa ya maskini ya Buenos Aires na Montevideo, miji ya bandari inayotazamana kwenye mlango wa mto mkubwa. Humo walikutana wahamiaji wa Italia na Uhispania, vibarua kutoka bara, na watu wenye asili ya Afrika na ngoma zao. Kila mmoja alileta chake. Kinanda chake maarufu, bandoneoni, kinachovutwa kwa mikono miwili, kilitoka Ujerumani, na huko watu walikitumia hata mahali pasipo na ogani ya kanisa. Kikafika bandarini, kikajifunza kulia kilio cha maskini.

Matajiri wa Argentina waliidharau tango. Walisema ni ya wahuni. Halafu kabla ya vita vya kwanza vya dunia watu wa Paris wakaipenda, na ghafla matajiri wale wale wakaanza kusema, "Hii ni yetu!" Je, hamjaona jambo kama hilo hapa? Mswaki wa mti tuliuona wa kishamba mpaka ulipouzwa dukani ndani ya karatasi nzuri. Mwaka 2009 UNESCO iliiandika tango katika orodha ya urithi wa binadamu.

Msifikiri hayo hayakufika kwetu. Wazee wa Mombasa na Dar es Salaam waliokuwa vijana kabla ya vita vya pili waliijua tango, pamoja na walsi na fokstroti, katika vilabu vya dansi. Huko Zanzibar mapigo yake yaliingia hata ndani ya taarab. Na Wakatoliki mnakumbuka Papa Fransisko, aliyetutembelea Nairobi mnamo Novemba 2015 na kwenda mpaka Kangemi kwa watu wa mabanda. Yeye alikuwa mtoto wa Buenos Aires, na alisema wazi kuwa aliipenda tango na aliicheza ujanani. Alipotimiza miaka 78, Desemba 2014, watu walimchezea tango kando ya Uwanja wa Mtakatifu Petro. Aliyefariki mwaka 2025 akiwa Papa hakuona haya kwa muziki wa mtaa wake.

Turudi kwa Salgán. Mwaka 1944 aliunda okestra yake. Alichukua yote aliyosoma, mpangilio wa sauti, nidhamu ya vidole, akayatia ndani ya tango. Wengi waliona ni kitu kigeni. Wapenzi wa tango waliona amezidisha elimu. Okestra ikavunjika mwaka 1947. Huo ndio mlango uliofungwa.

Alifanya nini? Alikaa akifundisha na kutunga. Hakulaani mtu. Mwaka 1950 alirudi na okestra nyingine, na mwaka 1960 akawa na wenzake wanne katika kikundi kilichoitwa Quinteto Real. Mdundo wake ule uliokuwa mgeni ukawa shule ya wengine. Alifariki mwaka 2016 akiwa na miaka 100, na Argentina nzima ikamtaja kuwa mwalimu.

Kwa hiyo ile miaka ya kufungiwa mlango aliitumia kufundisha. Mtu akifundisha, kipawa hakiozi.

Wimbo wa ng'ambo ya mto

Sasa mtatuambia, hayo ni ya Ethiopia na Argentina. Je, ya kwetu?

Ya kwetu mnayasimamia kila Madaraka na Jamhuri. Mwaka 1963, nchi ilipokaribia uhuru, kamati ya watu 5 ilipewa kazi ya kutengeneza wimbo wa taifa. Walikuwa Graham Hyslop, Thomas Kalume, Peter Kibukosya, Washington Omondi na George Senoga-Zake. Ni watu waliosoma muziki, wenye kujua noti na kwaya za sauti nne. Wangeweza kutunga kitu cha kufanana na nyimbo za Ulaya. Hawakufanya hivyo. Walichukua sauti ya wimbo wa Kipokomo, wimbo wa mama wa kumbembelezea mtoto, ambao Mzee Meza Moroa Galana ndiye anayetajwa kuhusika nao.

Wapokomo! Majirani zetu wa huu huu Mto Tana. Mama mmoja anatikisa mtoto chini ya mwembe, na leo majeshi yanasimama wima kwa sauti yake. Wasomi wale hawakumwambia mama yule kuwa anacheza. Walikaa wakasikiliza.

Ndugu zetu, tulipomuuliza yule mama wa kikundi ni wimbo gani binti yake alitupigia siku ile, alisema ni wimbo wa bibi yake wa kubembelezea watoto. Binti alikuwa ameukalisha vizuri juu ya kinanda, na mkono wa kushoto akauwekea sauti zake mwenyewe. Yaani alifanya kazi ile ile iliyofanywa na kamati ya mwaka 1963. Sisi tulikuwa tunatafuta jina la kujaza kwenye fomu ya cherehani.

Tena si Wapokomo peke yao. Hapa Garissa kuna akina mama wa Kisomali wa kikundi cha Gargar, waliorekodi nyimbo zao na Ketebul Music ya Nairobi. Gargar kwa Kisomali ni msaada. Jina hilo peke yake ni hotuba. Na wachungaji wanaochota maji ya ngamia kwenye visima, si wanaimba ili mikono iende pamoja? Wimbo ule ni chombo cha kazi, kama kamba na ndoo.

Je, watoto wa maskini wanaweza?

Swali hili tumeulizwa mara nyingi. Tazameni Korogocho, Nairobi, karibu na jaa la Dandora. Tangu mwaka 2008 kumekuwa na mradi uitwao Ghetto Classics, ulioanzishwa na Elizabeth Njoroge. Mradi ulianza katika kiwanja cha kanisa Katoliki la Mtakatifu Yohane. Watoto wa mabanda wanasoma fidla, tarumbeta na noti. La kutufundisha zaidi ni hili: wakubwa waliojua wanawafundisha wadogo. Hawangoji mwalimu ashuke kutoka mbinguni.

Sasa tufanye nini?

Hatusemi kila kikundi kikanunue piano. Mtu asitoke hapa akasema kanisa limesema maji yauzwe tununue vinanda! Tangi kwanza, dawa za mifugo kwanza, karo kwanza. Hilo hatubishani. Lakini tunapendekeza mambo matano.

Moja. Tuandike vipawa vyetu. Vikundi vyetu vina daftari la pesa na daftari la mahudhurio. Tuongeze ukurasa mmoja: nani anajua nini. Anayejua kutunga buraanbur, anayejua kusuka vyombo vya maziwa, anayejua kupiga kinanda, anayejua dawa za ngamia. Tutashangaa. Tumekaa na watu miaka 10 bila kujua wanachokijua.

Mbili. Tusichanganye gharama na nafasi. Yule binti hakuomba pesa, aliomba stoo. Mara nyingi kijana anaomba kivuli, mkeka na saa mbili. Tukimnyima hivyo tusiseme ni kwa sababu ya umaskini. Ni kwa sababu ya dharau.

Tatu. Anayejua afundishe wawili kabla mwaka kwisha. Fundi akifa au akihama na ujuzi wake, kikundi kimefiwa mara mbili. Na mwalimu apewe chochote, hata debe la mahindi. Kufundisha ni kazi.

Nne. Mapato yajulikane yanakwenda wapi. Mtawa wa Ethiopia aliamua kabla ya kurekodi kwamba pesa ni ya wenye shida. Kikundi cha nyimbo kikialikwa harusini au kwenye sherehe ya kaunti, mweka hazina aandike. Vikundi vingi vya waimbaji vimevunjwa na bahasha moja isiyohesabiwa.

Tano. Tuheshimiane. Tunajua kuna ndugu zetu wanaoshika kuwa vyombo vya muziki havifai katika dini yao. Hatukuja kubishana na mashehe wetu. Kikundi chenye msimamo huo kina mashairi, kina sauti, kina ufundi mwingine. Jambo letu leo si kinanda. Jambo letu ni mtoto anayerudi nyumbani na kitu mkononi, halafu sisi wakubwa tunamfanya akifiche.

Tumalizie

Yule mama wa kikundi yuko hapa leo. Ametupa ruhusa kusema haya bila kutaja jina. Kinanda kiko nyumbani kwake, ndani ya sanduku la bati, kimefungwa leso. Vibonyezo viwili havitoi sauti tena, panya waliingia. Binti bado yuko Nairobi kwa watu. Akija likizo anakitoa, anafuta vumbi, anapiga mlango ukiwa umefungwa.

Tulimwomba mama atupe namba ya simu ya binti yake tumwombe msamaha. Akatutazama, akasema, "Msimpigie simu. Toeni magunia kwanza."

Alikuwa na maana ya stoo. Stoo ile imejaa magunia matupu ya mbolea na pampu iliyokufa. Tulikwenda kuangalia. Magunia ni 22, tuliyahesabu. Wajumbe wa kikundi hicho mko hapa, na gari letu lina nafasi. Sisi tutakuja Jumamosi na mikono yetu, maana tulikuwa wa kwanza kukosa. Atakayetaka kusaidia aje na ufagio.

 Mzee wetu wa nyuma, sasa zamu yako.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Taja mtu mmoja katika kijiji chenu ambaye ana ujuzi lakini haonyeshi. Ni nini kinachomzuia?

2. Je, kikundi chenu kimewahi kumkatisha tamaa kijana aliyeleta wazo? Alifanya nini baadaye?

3. Kuna wimbo au kazi ya mikono ya wazee wenu ambayo watoto hawaijui? Nani bado anaijua, na ana miaka mingapi?

4. Kuna nafasi gani katika kikundi, chumba, kivuli au saa, ambayo mnaweza kuitoa bila kutumia pesa?